"Nyama ya Soya": Je, Istilahi Hii Yafaa?

Madukani huuzwa vipande vikavu vya unga wa soya uliokamuliwa mafuta, navyo huitwa "nyama ya soya". Katika makala haya twakusudia kulipima jina hilo kwa kamusi na kwa chungu pia.

Chakula chenyewe tumekipika nyumbani hapa Tukuyu. Vipande huloweshwa katika maji ya moto, hukamuliwa, kisha hukaangwa pamoja na vitunguu na nyanya. Mlaji hukuta nyuzinyuzi mfano wa za nyama, lakini ladha yote hutoka katika mchuzi. Kwa hiyo jina hili husema kweli kuhusu kutafuna, na hupotosha kuhusu ladha.

Huenda mtu akalitetea kwa kuwa twasema pia "nyama ya embe". Hoja hiyo haitoshi. Nyama ya embe ni sehemu ya embe lenyewe. Lakini hii ni soya iliyotengenezwa ifanane na kitu kingine. Tena jina hili huiweka soya katika safu moja na ng'ombe na mbuzi. Mtu aliyeacha nyama kwa imani au kwa afya anastahili jina lisilomtia shaka.

Nyanda za Juu Kusini zina mfano bora. Viazi vya okidi za porini hutwangwa, na unga wake hupikwa pamoja na karanga, pilipili na magadi hadi ugande, ukatwe vipande kama soseji. Huku huitwa kikande. Zambia, penye soko lake kubwa, huitwa chikanda. Wapo waliokipa lakabu ya "poloni ya Kiafrika", lakini jina la wenyewe halikuazima kwa mnyama. Tunachokisifu ni jina, wala si uchimbaji, ambao ulikuwa miongoni mwa sababu za kuilinda Kitulo, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005.

Kiswahili kinalo neno "kitoweo": kinacholiwa pamoja na ugali, wali au ndizi, kiwe nyama, samaki au maharage. Huku bara hata nyama huitwa "mboga", aulizaye "leo mboga nini?" aweza kujibiwa "nyama". Ni dhahiri kwamba lugha yetu hutaja chakula kwa kazi yake katika mlo. Basi twapendekeza "kitoweo cha soya": jina lisiloahidi ladha ambayo chungu hakiwezi kuitoa.