Wanaopandisha Kreti Mlimani

Baa za mlimani Mwanza, zile zilizojibanza kati ya miamba, mteja huzifikia akihema, kisha huketi barazani akatazama taa za mji na Ziwa Victoria, akazisahau ngazi. Mhudumu hazisahau. Gari huishia chini barabarani. Kreti za bia, barafu, gunia la mkaa, hata ndoo za maji bomba likikauka, vyote hupanda begani. Nilimwona dada mmoja akishuka na trei ya chupa tupu, kidole gumba kimebana shingo ya chupa ya pembeni, macho kwenye ngazi. Usiku wa manane, sisi tukishaondoka, ndipo kreti tupu huteremshwa. Watu hawa nawaheshimu sana. Ukipanda huko, chenji mwachie mhudumu.