Mji Mkongwe wa Havana: Ukarabati Uliojilipia

Habana Vieja, sehemu kongwe ya mji mkuu wa Cuba, ina eneo la zaidi kidogo ya kilomita 2 za mraba. Mji ulianza mwaka 1519 kwenye mlango wa ghuba. Merikebu za Hispania zilizobeba fedha ya Amerika zilikusanyika hapo kabla ya kuvuka Atlantiki, kwa hiyo ukazungushiwa ngome na baadaye ukuta. Biashara hiyo, na kisha sukari ya mashamba yaliyolimwa na Waafrika waliotiwa utumwani, ndizo zilizojenga majumba yenye ua wa ndani, roshani na vioo vya rangi vya nusu duara juu ya milango. UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1982.

Kufikia wakati huo majumba mengi yalikuwa hoi. Matajiri walikuwa wamehamia vitongoji vipya, na nyumba zao zikagawanywa vyumba vya kupanga, mara nyingi familia nzima chumba kimoja. Kwa kuwa dari zilikuwa juu sana, wapangaji walijenga sakafu ya pili ndani ya chumba, iitwayo barbacoa, na kuta pamoja na boriti zikabeba mzigo ambao hazikukusudiwa kuubeba. Chumvi ya bahari, mvua na vimbunga vilimalizia kazi. Kuporomoka kwa nyumba kukawa jambo la kawaida.

Ofisi ya Mwanahistoria wa Jiji ilianzishwa mwaka 1938 chini ya Emilio Roig de Leuchsenring. Eusebio Leal, aliyemrithi mwaka 1967, alianza ukarabati na jengo moja: kasri la zamani la magavana wa Kihispania, ambalo likawa makumbusho ya jiji. Kuanzia mwaka 1981 serikali ilitenga fedha kwa mipango ya miaka mitano. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, Cuba ikaishiwa mafuta, saruji na fedha za kigeni kwa mpigo, na ukarabati ukakosa mfadhili.

Kazi iliokolewa na sheria. Amri namba 143 ya Oktoba 1993 iliiweka Ofisi moja kwa moja chini ya Baraza la Dola, ikairuhusu kuendesha biashara, kutoza kampuni zilizomo katika eneo lake, na, muhimu kuliko yote, kubaki na mapato. Mwaka 1994 ikaundwa kampuni ya Habaguanex, iliyopewa jina la chifu wa Wataino, wenyeji wa asili wa kisiwa, ili kusimamia hoteli, migahawa na maduka. Katika nchi ambamo karibu kila senti ilipitia hazina kuu, ruhusa hiyo ilikuwa ya pekee kabisa.

Mpangilio wa kazi ulifuata mantiki ya pesa. Ofisi haikutawanya nguvu mji mzima. Ilianza na viwanja vikuu vya kale na mitaa inayoviunganisha, kama Obispo, Oficios na Mercaderes, kwa sababu huko ndiko watalii wangefika kwanza. Kasri la akina Santovenia likawa hoteli ya Santa Isabel. Ambos Mundos, hoteli aliyokaa Ernest Hemingway, ikafunguliwa upya. Jengo lililokamilika lilianza kuingiza dola, na dola hizo zikagharimia jengo lililofuata.

Kazi ya kijasiri kuliko zote ilifanyika Plaza Vieja. Uwanja huo wa karne ya 16 ulichimbwa mwaka 1952 ili kupata maegesho ya magari chini ya ardhi, na paa la maegesho likainua uwanja juu ya usawa wa barabara, hata nyumba za pembeni zikaonekana kama zimezama. Kupaka rangi kuta peke yake kusingesaidia kitu. Katika miaka ya 1990 maegesho yalibomolewa, uwanja ukarudishwa usawa wake, na chemchemi ya marumaru ikajengwa katikati kwa kuiga ile ya kale. Kubomoa zege imara katika nchi yenye njaa ya fedha kulihitaji imani kubwa, na matokeo yameithibitisha.

Mafundi nao walipaswa kuzalishwa upya. Mwaka 1992, kwa msaada wa Hispania, ilifunguliwa shule ya ufundi ya Gaspar Melchor de Jovellanos, ambako vijana hujifunza uashi, uchongaji wa mawe, useremala, uhunzi na utengenezaji wa vioo vya rangi huku wakifanya kazi kwenye majengo yenyewe.

Sehemu ya mapato iliwaendea wakazi. Konventi ya Belén ilifanywa kituo cha wazee, nyumba nyingine ikawa ya kuwatunza wajawazito, na wanafunzi wa shule za msingi wakawekewa madarasa ndani ya makumbusho wakati shule zao zikikarabatiwa. Hata hivyo si wote waliobaki: nyumba iliyopunguzwa msongamano haiwezi kurudisha familia zote, na baadhi zilihamishiwa mashariki ya ghuba.

Mfumo ulikuwa na udhaifu wake: ulitegemea amri moja na heshima ya mtu mmoja. Mwaka 2016 biashara za Habaguanex zilihamishiwa kampuni za jeshi, na Ofisi ikapoteza chanzo chake kikuu cha mapato. Leal alifariki Julai 2020. Mbali na viwanja vikuu, hasa upande wa kusini, bado ziko nyumba zilizoegemezwa kwa magogo zikisubiri zamu yao.