Mandhari Inayopigana: Kusoma Baburnama

Ikitajwa Baburnama, wengi wetu twakimbilia Panipat, Aprili 1526: magari yaliyofungwa pamoja kwa kamba za ngozi, mizinga, Ibrahim Lodi kufa uwanjani. Sawa, vita ni vitamu kusoma. Lakini nadai kuwa uzito wa kitabu uko baada ya ushindi.

Babur anaingia Agra, na kumbe hana chakula. Wanavijiji wamekimbia, nafaka hakuna, majani ya farasi hakuna, barabara zimejaa wanyang'anyi. Joto linaua askari wake, makamanda wanataka kurudi Kabul, na Khwaja Kalan akarudi kweli. Hapo mandhari imekuwa mhusika, tena mpinzani.

Halafu inakuja ile sehemu ya kuieleza nchi. Eti Hindustan haina matikiti mazuri wala maji baridi! Manung'uniko ya mtu wa Fergana. Ila katikati yake anasema kwamba watu wa tambarare hujikinga nyuma ya vichaka vya miiba na kukataa kodi, na kwamba kijiji chaweza kuhamwa kwa siku moja. Yeye anaona ukaidi. Mimi naona mkakati: milima ya Khyber ilikwisha vukwa, basi wakulima walitumia miiba. Kasoro ni kwamba hawapewi jina wala sauti.

Vita vya Khanwa, 1527, dhidi ya Rana Sanga, Babur anaviachia tangazo la ushindi la Shaikh Zain, lililojaa mapambo. Linachosha, bwana. Kurasa za miiba nimezisoma mara tatu.