Mwili Uliokaa Kitako: Unene na Utulivu katika Ushairi wa Pwani

Husemwa mara nyingi kwamba watu wa pwani hupenda mwili mnono, na kwamba washairi wao wamekuwa mashahidi wa mapenzi hayo. Kauli hii ina ukweli, ila ni ukweli wa juu juu. Msamiati unaiunga mkono: atokaye safari akaambiwa amenawiri, hushukuru, akiambiwa amekonda, hapo hapo huulizwa ana nini. Hofu ya kukonda ilizidi miaka ya 1980 ulipoingia Ukimwi, maradhi ambayo Uganda yaliitwa Slim, yaani wembamba, kwa jinsi yalivyomwisha mgonjwa. Tangu hapo watu wengi wakauona unono kuwa ni ushahidi wa uzima.

Lakini zikisomwa tenzi kongwe kwa makini, kinachoonekana zaidi ya unene ni kukaa. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anawaonesha matajiri wa Pate wakiwa wamelala vitandani kwa raha, wakipepewa, kisha anawafuata mpaka kaburini ambako wadudu huitafuna ile miili iliyotunzwa. Wahakiki wengi wameishia kwenye mawaidha ya mauti, na si vibaya. Hata hivyo lipo swali ambalo utenzi unaliacha wazi: mkono ulioshika kipepeo ulikuwa wa nani? Katika miji ile uungwana ulipimwa kwa kazi ambayo mtu hakuifanya. Kuteka maji, kutwanga na kubeba mizigo vilikuwa vya watumwa. Mwili uliotulia ulikuwa cheti, na tumbo likawa muhuri wake. Neno kitambi lenyewe lina maana mbili, nguo ya kujifunga na tumbo lililotuna, na zote mbili ni vitu ambavyo mwanamume aliweza kutoka navyo barazani akatazamwa.

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, unalitia jambo hili ndani ya nyumba. Mama mgonjwa anamuusia bintiye Mwana Hashima jinsi ya kuishi na mume: amkande, ampepee, asimwamshe alalapo, amtunze kama mtoto asiyejua kusema. Utendi huu umesifiwa kwa adabu yake na umelaumiwa kwa unyenyekevu wake, na mabishano hayo hayajaisha. Jambo ambalo halikutazamwa vya kutosha ni mgawanyo wa mwendo. Mume amelala, anayeinama, anayeinuka na ambaye mikono yake haitulii ni mke. Kwa hiyo si haki kumchukua mwanamke wa pwani kuwa mfano wa uvivu wa mwili, kama wafanyavyo watani wa leo. Alizuiwa njia, lakini kazi hakupumzishwa. Siku alizopumzishwa kwa idhini ya wote zilikuwa chache: alipokuwa mwari wa ndani, na katika arubaini ya uzazi.

Methali zinavutana vilevile. Ipo isemayo mtembezi hula miguu yake, na ipo inayoijibu kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure. Ya tatu, mgaagaa na upwa hali wali mkavu, ni ya watu ambao hawakuwa na wa kuwapepea. Msomaji akiziweka pamoja atasikia matabaka mawili ya mji mmoja yakijibizana. Fumo Liyongo, kwa nguvu zake na upinde wake, yu upande wa wanaokwenda. Hata kifo, kwa mujibu wa masimulizi, kilimkuta amepiga goti na upinde mkononi, na watu wakakaa siku kadhaa wasithubutu kukisogelea kisima.

Sasa mambo yamegeuka. Tajiri wa mjini ndiye anayekimbia alfajiri, na unene, uliokuwa cheti, umekuwa shitaka. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate walau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Shirika hilo hilo lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu wazima milioni 890 walikuwa na unene wa kupindukia. Kisukari na shinikizo la damu ni maneno ya kila baraza. Ushairi umeitikia kwa njia mbili, na zote mbili ni dhaifu.

Ya kwanza ni mipasho ya taarabu ya kisasa, iliyopamba moto tangu miaka ya 1990. Humo mnene husutwa kwa unene na mwembamba kwa wembamba, pengine katika onesho lile lile. (Ajabu ni kwamba wasikilizaji wanaoinuka kwenda kumtunza mwimbaji, wakicheza hatua kwa hatua, huenda wakawa wanafanya mazoezi kuliko wote mjini.) Dhihaka hiyo haimwondoi mtu kitini, utafiti umeonesha kwamba anayesimangwa kwa unene wake huelekea kuyaepuka mazoezi. Tena unene hauletwi na uvivu peke yake: umo urithi, zimo dawa, na umo ufukara unaomfanya mtu ashibe kwa unga mweupe na sukari kwa kuwa samaki amepanda bei.

Ya pili ni mashairi ya mawaidha ya afya. Vina vimetimia, mizani haikupungua, na kila kibwagizo kinaamrisha: tembea. Hayaulizi mama wa Ng'ambo atembee wapi, saa ngapi, na nani atakayesema nini akimwona. Al-Inkishafi iliwakemea wenye kitanda cha raha. Mashairi haya yanamkemea yeyote aliyeketi, hata muuza duka aliyefungwa na kiti chake tangu asubuhi.

Mwendo wenyewe bado haujapata mshairi wake. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba mwaka 1880, aliuza vyungu kwa miguu huku akiimba kabla ya sauti yake kuingia kwenye sahani za santuri mwaka 1928, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Safari zile husimuliwa daima kama umaskini aliouacha nyuma, si kama mahali sauti ilipojifunza pumzi. Njia ya Fumba hadi mjini siku hizi hupitwa kwa daladala, na mizigo hupakiwa juu ya paa.