Majivu si mavumbi

Kila Jumatano ya Majivu nawasikia watangazaji wetu wakisema ati binadamu ni majivu na majivuni atarudi. Hapana, jamani! Mwanzo 3:19 inataja mavumbi, yaani asili ya mwili na marejeo yake. Majivu ni masalio ya kilichoteketea. Ndiyo aliyoyakalia mfalme wa Ninawi akitubu. Hata yale ya kanisani hutokana na matawi ya Jumapili ya Matawi iliyotangulia: shangwe iliyoungua.

Waswahili nao husema moto huzaa jivu, wakimsuta mwana asiyefikia hadhi ya mzazi. Vumbi, basi, halina lawama, jivu linayo. Tukiyachanganya maneno haya, tutakumbuka kufa na kusahau kutubu.