Kiyoyozi cha gari la kambi kwenye soketi ya Ruiru

Ukitafuta ushauri wa kuwasha kiyoyozi cha gari la kambi kwa stima ya nyumbani, utakutana na hofu ya Wamarekani: soketi itabeba? Kwao hofu hiyo ina msingi. Soketi yao ya kawaida ni volti 120 na ampea 15, yaani wati 1,800, na kiyoyozi cha juu ya gari kinaweza kuzila karibu zote. Hapa Membley, Ruiru, hesabu ni nyingine. Soketi yetu ya pini tatu ni volti 240 na ampea 13, sawa na wati 3,120. Kiyoyozi cha wati 1,500 huvuta ampea sita na kidogo tu.

Kwetu tatizo ni volti. Magari mengi ya mitumba huja kutoka Japani, na gari la kambi lililoundwa huko hubeba vifaa vya volti 100. Ile adapta ndogo ya dukani hubadilisha umbo la pini basi. Volti zinazopita ni zile zile 240, na bodi ya kiyoyozi huungua papo hapo.

Kwa hiyo inahitajika transfoma ya kushusha 240 hadi 100. Kwa kiyoyozi cha wati 1,500 ningeweka ya kVA 3, maana kompresa ya kizamani huvuta mara kadhaa ya kawaida inapoanza kuzunguka. Ya inveta huanza polepole, haina fujo hiyo. Transfoma haigusi hezi, lakini hapo Wajapani wametusaidia bila kukusudia: mashariki mwao, Tokyo ikiwemo, wanatumia hezi 50 kama sisi, na Osaka 60, hivyo viyoyozi vyao vingi huandikwa 50/60. Soma kibandiko. Kikisema 60 peke yake, kama ilivyo kwa vingi vya Marekani, mota itazunguka polepole na kupata joto hata volti zikiwa sawa.

Aina ya transfoma ndipo wengi hubania pesa. Ile nyepesi ya bei nafuu ina koili moja inayotumika pande zote mbili. Koili hiyo ikikatika mahali pabaya, volti 240 zinaingia garini. Yenye koili mbili zilizotengana ni nzito, inachosha mgongo, na ndiyo ya kununua. Ila nayo ina mtego. RCD ya nyumba, ile swichi yenye kitufe cha kujaribia, haioni hitilafu inayotokea upande wa pili wa transfoma. Fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, anapaswa kuunganisha ncha moja ya upande wa volti 100 na ardhi, kisha afunge RCD nyingine baada yake, iliyotengenezwa kwa volti hizo.

Na bodi ya gari lenyewe? Plagi ya kawaida ya Japani ina pini mbili bapa, haina ya ardhi, na gari limesimama juu ya mpira. Waya mmoja ukichubuka na kugusa bati, gari zima linakuwa na umeme likimsubiri mtu aliyesimama peku kwenye nyasi zenye umande. Waya wa kijani na manjano lazima utoke kwenye chasisi hadi kwenye ardhi ya nyumba.

Ekstensheni ya kutoka soketini hadi kwenye transfoma iwe na waya wa milimita 1.5 za mraba au zaidi. Kwa mita 30 na ampea saba, unapoteza takriban volti sita, si neno. Kinachoua ni kuuacha umezungushwa kwenye gurudumu lake: joto halina pa kutokea na plastiki huyeyukia ndani, pasipoonekana. Ukunjue wote. Kiyoyozi kikishafanya kazi nusu saa, zima, chomoa plagi, ishike. Vuguvugu inakubalika. Ikiwa moto, au pini imeanza kuwa ya kahawia, badilisha soketi kabla ya kuongeza tokeni za stima.