Ziwa la Mortefontaine: Corot Alivyochora Kumbukumbu

Mwaka 1864, mchoraji Mfaransa Camille Corot alipeleka turubai moja kwenye Salon, maonyesho makuu ya sanaa jijini Paris. Aliipa jina Souvenir de Mortefontaine, yaani kumbukumbu ya Mortefontaine, kijiji chenye maziwa kaskazini mwa jiji hilo. Serikali ya Napoleon III iliinunua, na leo imo katika jumba la makumbusho la Louvre. Kwa jina hilo Corot alikuwa akitutahadharisha: hili ni ziwa kama lilivyobaki moyoni. Alilichora vipi?

Picha haifiki mita moja kwa upana. Kulia, mti mkubwa umeinamia kushoto, majani yake yametanda angani. Kushoto upo mti mwembamba unaoelekea kukauka. Mwanamke ameunyooshea mikono, na watoto wawili wako naye. Nyuma yao ziwa limetulia tuli.

Sogelea majani. Huoni jani, unaona moshi wa kijani uliochanganyika na kijivu, kingo zake zikiyeyukia angani, na juu yake vidoa vichache vya rangi nyepesi. Majani yaliyobaki unayajaza mwenyewe. Ndivyo tukumbukavyo: kivuli cha mwembe wa nyumbani hakitutoki, lakini nani aliwahi kuhesabu majani yake?

Asidhani mtu kwamba Corot hakuweza kuchora kwa ukali. Michoro aliyoifanya Italia kati ya 1825 na 1828, ukiwemo ule wa daraja la Narni, ina jua kali na kingo zilizokatwa sawasawa. Ukungu wa Mortefontaine aliuchagua.

Uchaguzi huo ulianzia daftarini. Kwake umbo lilitangulia, vikafuata viwango vya mwanga na giza, rangi ikaja mwisho. Akiwa nje alijiwekea alama za haraka: duara mahali penye mwanga, mraba mahali penye giza. Majira ya baridi akajifungia karakanani na alama hizo. Jani ambalo halikuingia daftarini halikuwa na sababu ya kuingia kwenye turubai. Kilichosafiri kutoka ziwani ni uzito wa mwanga tu.

Kisha akazipatanisha rangi. Nyeupe imepenya karibu kila mchanganyiko, hata kijani, kahawia na buluu zikawa ndugu wa damu moja. Tazama ng’ambo ya ziwa: ukingo na taswira yake majini vina kiwango kimoja cha mwanga, au karibu hivyo, na jicho linashindwa kusema nchi kavu inaishia wapi.

Mbinu hii ina hatari yake. Wanunuzi waliipenda, naye akairudia katika “kumbukumbu” nyingine nyingi, hadi katika baadhi yake ukungu ukawa mazoea. Mortefontaine imesalimika kwa sababu ya shina la ule mti mkubwa. Ni jeusi, limesimama imara, na ndilo linalotwambia kwamba mahali hapa palikuwapo kweli. Lizibe kwa kiganja, na ziwa lote litaanza kuelea kama ndoto isiyo na mwenyewe. Ondoa kiganja, nawe umerudi Mortefontaine.